Gumbo na sinema za vita za kale: nani aliachwa nje ya picha?

Maji ya mto Nile yanayopita Gumbo yamecheza sinema nyingi kuliko mwigizaji yeyote wa ukanda huu. Kusini, upande wa Uganda, mto huu ulionekana katika The African Queen mwaka 1951. Kaskazini, kwenye mchanga wa Misri, ulirudi mbele ya kamera katika Khartoum mwaka 1966. Kabla ya hizo mbili, mwaka 1939, Zoltan Korda alishaleta kamera za rangi Sudan kwa ajili ya The Four Feathers. Zote tatu ni sinema za vita. Zote tatu zilitengenezwa na watu waliokuja, wakapiga picha, wakaenda zao. Na katika zote tatu, mwenyeji wa mto huu hupita nyuma ya steringi akiwa amebeba kitu.

Gumbo ni mahali pazuri pa kuzitazama upya. Ni kitongoji kilicho ng'ambo ya Nile ukitoka katikati ya Juba, pale barabara ya Nimule inapoanza safari yake ya kilomita 192 hadi mpaka wa Uganda. Unga, sementi, nyanya na soda za Juba hupita hapa juu ya malori. Sokoni kinatawala Kiarabu cha Juba, lakini kwenye maegesho ya malori na vibanda vya chai Kiswahili kinakutosha kutwa nzima: kuna madereva wa Kenya, wachuuzi wa Uganda, Wakongo, na Wasudani Kusini wenyewe waliokulia Kakuma au kwenye makambi ya Uganda wakarudi na lugha. Tena ni mahali ambapo karibu kila mtu mzima ana vita yake ya kusimulia. Mapigano yalipozuka Juba Desemba 2013, viwanja vya Wasalesiani wa Don Bosco hapa Gumbo viligeuka makazi ya waliokimbia. Julai 2016 risasi zililia tena mjini. Kumwonyesha mtu wa namna hii sinema ya vita ni kama kumwonyesha mvuvi picha ya samaki. Ataanza kwa kukuuliza mapezi yako wapi.

Jioni, jenereta likishawashwa, vibanda vya video hufanya kazi ile ile inayofanywa na vibanda umiza vya Dar es Salaam. Mpira wa Uingereza ukiwepo, ni mpira. Usipokuwepo, ni ngumi na bunduki. Picha nyingi hufika zikiwa zimeshatafsiriwa, maana ukanda wetu una mabingwa wa kazi hiyo: Kampala ina VJ Jingo na wenzake, Kenya ina DJ Afro, na Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye watu walinunua kanda kwa sauti yake kabla ya kuuliza nani ameigiza. Hapo Rambo wa mwaka 1985 bado anatamba, na Commando ya mwaka huo huo pia. Wageni wengi hushangaa. Inakuwaje mtu aliyekimbia bunduki halisi alipe kiingilio kutazama bunduki za uongo? Mimi sishangai. Picha hizo hazihusu vita, ni sarakasi. Risasi zinamkwepa mtu mmoja kwa sababu jina lake limeandikwa mwanzo wa mkanda, na kila aliyekaa kwenye benchi anajua kwamba steringi hafi. Kwa mtu aliyeona kwamba risasi haichagui, hiyo ni burudani ya haki kabisa.

Ninachosikitikia ni kwamba Rambo wa kwanza, yule wa First Blood ya mwaka 1982, haombwi. Katika picha ile anakufa mtu mmoja tu, naye kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta. Mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam anaingia mji mdogo wa Marekani akiwa na njaa. Mkuu wa polisi anamwona mzururaji, anamfukuza, na kutoka hapo mambo yanaharibika. Mwishoni Sylvester Stallone analia kama mtoto, akisema huko vitani alikabidhiwa mashine za mamilioni ya dola, na huku nyumbani hapati hata kazi ya kuegesha magari. Nchi yoyote yenye wapiganaji wa zamani waliorudishwa uraiani bila kazi ingeielewa filamu hiyo bila mtafsiri. Lakini milipuko ni michache, na kibanda kinaishi kwa milipuko.

Sasa turudi mtoni. The African Queen ya John Huston inaanza Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Katharine Hepburn ni mmisionari wa Kiingereza, Humphrey Bogart ni mlevi mwenye mashua chakavu ya mvuke. Kaka wa mmisionari anafariki baada ya askari kuchoma kijiji, na hao wawili wanateremka mto wakiwa na nia ya kuizamisha manowari ya Wajerumani ziwani. Sehemu kubwa ilipigwa kwenye mto Ruiki huko Kongo na kwenye Nile chini ya maporomoko ya Murchison, karibu na bandari ya Butiaba kwenye Ziwa Albert. Maji ya pale hupita Nimule, hugonga mawe ya Fula, kisha hufika hapa Gumbo.

Naipenda sinema hii, na ninachokipenda zaidi ni uchovu wake. Vita ndani yake ni kusukuma, kuvuta, kubandua ruba kwenye ngozi, kuinyoosha shafti iliyopinda kwa moto wa kuni ufukweni. Niliitazama kwenye kompyuta ya mkononi pamoja na madereva waliokuwa wakisubiri makaratasi ya mizigo, na mapenzi ya Bogart na Hepburn hayakuwashughulisha hata kidogo. Walichobishania ni ile shafti: je, chuma kilichochomwa kienyeji namna ile kingestahimili mzunguko? Mmoja alisema hapana, mwingine akatoa ushahidi wa gari lililomharibikia porini upande wa Nimule. Huston alitengeneza filamu kuhusu kuharibikiwa njiani, na hadhira hiyo ingemfurahisha kuliko wahakiki wa New York. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa kazi hii. Inasimuliwa pia kwamba karibu kikosi kizima cha wapiga picha kiliugua tumbo kwa maji, wakapona Bogart na Huston tu, kwa kuwa wao walikunywa wiski. Sipendekezi tiba hiyo.

Dhambi yake iko mwanzoni kabisa. Wanakijiji wanaonekana kanisani wakiimba, nyumba zao zinachomwa, wanaswagwa na askari, basi. Hawarudi tena. Filamu inaendelea kwa zaidi ya saa nzima kana kwamba vita vya Afrika Mashariki vilikuwa ugomvi wa Wazungu wawili na mashua. Ukweli ni kwamba vita vile vilikuwa vita vya wapagazi. Upande wa Uingereza peke yake uliandikisha watu wapatao milioni moja wa kubeba mizigo, na zaidi ya 90,000 wakafa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni makumbusho yao, ingawa anayenunua vitenge pale hana habari.

Hata hadithi ya meli ni nzuri zaidi ilivyotokea kuliko ilivyoigizwa. Meli ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika ilikuwa Graf von Götzen, iliyounganishwa Kigoma kwa vipande vilivyotoka Ujerumani na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza walileta mashua mbili ndogo zenye mizinga, Mimi na Toutou, wakazipitisha kwa reli kutokea kusini mwa Afrika, kisha zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, maksai na mikono ya wanaume wa Kongo. Mwishowe Götzen haikuzamishwa na shujaa yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya kupaka mitambo grisi ili isiharibike. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Watu wa Kigoma wameipanda na dagaa wao kizazi baada ya kizazi. Ningekuwa Huston, ningeanzia kwenye ile grisi.

Mtu anaweza kusema: hizo ni sinema za burudani, usizidai historia. Nakubali kwa kiasi. Ila kuna moja inayonifanya nisikubali kabisa, nayo haina Mwafrika hata mmoja.

The Cruel Sea ni filamu ya Kiingereza ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Charles Frend kutoka kwenye riwaya ya Nicholas Monsarrat. Ni nyeusi na nyeupe, ya bahari, baridi na usingizi wa shida. Katikati yake kuna tukio ambalo ukishaliona halikutoki. Nahodha, aliyeigizwa na Jack Hawkins, anapata ishara kwamba nyambizi ya Wajerumani imejificha chini ya mahali ambapo mabaharia walionusurika wanaelea wakisubiri kuokolewa. Akiacha kurusha mabomu ya kina, nyambizi itazamisha meli nyingine. Akirusha, atawaua walio majini. Wale wanaona meli inakuja, wanapunga mikono wakidhani wokovu umefika. Anarusha. Baadaye analia. Kwangu mimi hakuna dakika za kweli zaidi katika sinema yote ya vita ya Kiingereza, kwa sababu hazimpi mtazamaji pa kujificha.

Jambo la namna hiyo lilitokea kwetu. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani I-27 karibu na Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Ndani walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, mabaharia na wauguzi wanawake. Wachache walionusurika walikuwa wakielea, na nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, zikarusha mabomu ya kina. Watu karibu 1,300 walipotea siku hiyo. Wengi wao walikuwa vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliofundishwa mizinga kwa Kiswahili cha jeshi la King's African Rifles. Jack Hawkins ameliliwa duniani kote. Waliokuwa majini siku ile, nani amewapiga picha?

The Bridge on the River Kwai nitaipitia haraka, maana wengi wanaijua kwa mluzi wake. David Lean aliipiga Ceylon, ikashinda Oscar saba. Ni sinema ya kiburi cha ofisa mmoja anayelipenda daraja kuliko ushindi, na Alec Guinness ni bora mno ndani yake. Lakini msitu ule wa Ceylon ulishatembelewa na watu wetu mwaka 1943: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifanya mazoezi kisiwani humo kabla ya kuingia Burma, ikapita bonde la Kabaw katika mvua ya kutisha na kufika Kalewa Desemba 1944. Babu za watu walioitwa Burma hadi mwisho wa maisha yao. Lean alihitaji msitu tu.

Khartoum ndiyo filamu inayopaswa kutazamwa Gumbo kuliko pengine popote. Charles Gordon, anayeigizwa na Charlton Heston, hakuanzia Khartoum. Mwaka 1874 alifika kuwa gavana wa Ekwatoria, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Gondokoro, kwenye ukingo huu huu wa mashariki, mwendo mfupi tu chini ya mto kutoka Gumbo. Ni hapo hapo ambapo Samuel Baker alikutana na Speke na Grant mwaka 1863, walipoibuka kutoka Nyanza. Filamu haigusi chochote cha huku. Kusini inatajwa kama mahali watumwa wanapotoka, kana kwamba ni ghala.

Laurence Olivier anaigiza Mahdi, kiongozi wa waasi wanaopigana na Gordon, akiwa amepakwa rangi nyeusi usoni, na kwa Kiingereza chenye lafudhi ambayo haijawahi kusikika Omdurman. Inachekesha, halafu inaudhi, halafu, nikiri, inavutia kidogo, kwa kuwa Olivier hawezi kuwa mbaya hata akitaka. Waandishi wanawakutanisha Gordon na Mahdi ana kwa ana mara mbili. Katika maisha hawakukutana hata mara moja. Siwalaumu sana kwa hilo. Bila mkutano huo hakuna mchezo. Kosa kubwa ni pale filamu inapofunga pazia Gordon anapouawa, Januari 1885, kana kwamba Sudan yote ilikufa naye. Huku kusini ndiyo kwanza hadithi ilikuwa inakolea. Emin Pasha alikwama Ekwatoria na askari wake hadi Stanley alipokuja kumchukua mwaka 1889. Askari waliobaki walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 kwenda Uganda, na wajukuu zao ndio Wanubi wa Bombo na Kibera. Mnubi wa Kibera akija Gumbo leo akafungua mdomo kwa Kinubi chake, muuza chai atamwelewa bila shida. Na mwaka 1897, Rejaf, kusini tu mwa hapa, jeshi la Leopold la Kongo chini ya Chaltin lilipigana na Wamahdi na kuwashinda. Kuna filamu tatu ndani ya sentensi hizo, na hakuna hata moja inayohitaji Heston.

Hata hivyo kuna kitu Khartoum inakipata sawasawa, nacho ni mji uliozingirwa. Watu wanapanda juu ya mapaa kutazama upeo wa macho. Chakula kinapimwa. Kila siku kuna mtu anayesema msaada uko njiani. Wazee waliokuwa Juba mwaka 1992, waasi wa SPLA walipoushambulia mji uliokuwa mikononi mwa jeshi la Khartoum, wanaifahamu hali hiyo kutoka ndani. Mzee mmoja niliyekaa naye alitazama sehemu hiyo kimya, akauliza jambo moja tu: kwa nini hakuna anayeonekana akitafuta kuni? Alisema katika mji uliozingirwa kuni huisha kabla ya risasi, na mwanamke anayetoka nje ya mji kuzitafuta ndiye askari wa kweli. Hakuna mhakiki aliyewahi kuandika jambo la maana zaidi kuhusu filamu hiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kuzipenda tamthilia za kale kuliko sinema za mapigano. Vita kwa raia ni kusubiri, na hakuna picha iliyoelewa kusubiri kuliko Casablanca ya mwaka 1942. Nazungumza juu ya filamu ambayo wengi huiita ya mapenzi. Mapenzi yamo, Bogart tena na safari hii Ingrid Bergman, lakini toa hao wawili utabaki na mji uliojaa wakimbizi wa Ulaya wanaosubiri karatasi. Kuna anayeuza almasi kwa bei ya kutupa. Kuna mume anayecheza kamari apate pesa za viza, na mke kijana anayefikiria kumlipa ofisa kwa njia nyingine. Kuna wazee wanaojifunza Kiingereza cha kuulizana saa kwa ajili ya Marekani. Kuna mkuu wa polisi anayekula rushwa kwa tabasamu. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya mahojiano Kakuma, kambi iliyoanza mwaka 1992 na ambako vijana wapatao 3,800 wa Sudan Kusini walipata nafasi ya kwenda Marekani, ataitazama kama habari ya jana. Hata waigizaji walikuwa hivyo hivyo. Peter Lorre na Conrad Veidt waliikimbia Ujerumani ya Hitler. Madeleine LeBeau na Marcel Dalio waliikimbia Ufaransa kupitia Lisbon. Katika tukio la kuimba wimbo wa taifa la Ufaransa, machozi yanayoonekana si ya kuigiza.

Nayo ina upofu wake. Ilipigwa yote California, na Wamoroko wamo kama mapambo ya ukuta. Mweusi mwenye sehemu ya maana ni Dooley Wilson, mpiga kinanda wa baa, ambaye kwa kweli alikuwa mpiga ngoma na hakujua kinanda. Lakini ukiwa na akili ya kuhamisha majina, Casablanca inaweza kuwa Arua, Nairobi, au maegesho ya malori ya Gumbo siku mpaka unapofungwa.

Kuna wanaotaja The Good Lie ya mwaka 2014 kuwa ndiyo Casablanca ya Wasudani Kusini. Nimeitazama kwa heshima, kwa kuwa Ger Duany na Emmanuel Jal waliopo ndani yake walikuwa watoto askari kweli. Nusu yake ya kwanza, ile safari ya miguu, ina nguvu. Nusu ya pili inawageuza vijana kuwa vichekesho vya simu na majokofu ya Marekani, na kwenye bango la matangazo sura kubwa ni ya Reese Witherspoon. Miaka 63 baada ya Huston, steringi bado ni mgeni.

Sasa ile ninayoiweka juu ya zote. Wezi wa Baiskeli, filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948, haina risasi hata moja. Vita vimekwisha, Roma imejaa wasio na kazi. Baba mmoja, Antonio, anapata kibarua cha kubandika mabango kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ya kitanda ili waikomboe baiskeli. Siku ya kwanza ya kazi inaibwa. Filamu nzima ni baba na mwanawe mdogo wakiitafuta mjini, hadi baba anapojaribu kuiba ya mtu mwingine na kukamatwa mbele ya mtoto. Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa fundi wa kiwandani.

Weka bodaboda mahali pa baiskeli. Gumbo ina vijana wengi ambao pikipiki ni kazi, ni chakula, ni karo ya mdogo wao, na mara nyingi si yao bali ya tajiri anayedai hesabu kila jioni. Nilipoionyesha, hapakuwa na haja ya kutafsiri sana. Tulisimamisha mara chache tu kueleza rehani ni nini. Mmoja wa waendesha bodaboda alikasirika pale umati unapomwachia Antonio aende zake. Alisema hapa asingeachiwa. Mwingine akamjibu kwamba ndiyo maana mtoto amewekwa pale: mwenye baiskeli alimtazama mtoto. Wakabishana hadi betri ikaisha. Hakuna Rambo aliyewahi kuzua ubishi wa aina hiyo.

Kwa wanaotaka vita na wanataka pia kujiona ndani ya picha, ziko mbili za lazima. The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, ya mwaka 1966 kama Khartoum, ilipigwa ndani ya Kasbah ya Algiers yenyewe, na Yacef Saadi, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa FLN mjini humo, anaigiza kiongozi wa wapiganaji. Haiwapambi. Kabla bomu halijalipuka kwenye mgahawa wa Wafaransa, kamera inakaa juu ya mtoto anayelamba barafu. Ya pili ni Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, kuhusu askari wa Kiafrika waliorudi kutoka vita vya Ulaya, wakadai mishahara yao, na tarehe 1 Desemba 1944 wakapigwa risasi na jeshi walilolitumikia. Sembène mwenyewe alivaa sare ya Ufaransa katika vita hivyo. Inaonekana katika kila picha: anajua viatu vinabana wapi.

Na sisi? Tulikuwa na Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa Kenya, Mkenya Joseph Olita akiwa Amin. Kanda yake ilizunguka Afrika Mashariki yote. Olita alifanana na Amin kupita kiasi, na ndilo tatizo: filamu ilitosheka na kufanana, ikamwaga damu na mizaha kwa zamu. Hapa Gumbo, ambako Wakakwa wa Yei, watu wa kabila lake, hupita kila siku, Amin ni jina la jirani, na utawala wake ulipoanguka mwaka 1979 watu wa West Nile walikimbilia Sudan, wakapokewa na watu ambao wao wenyewe wangekimbilia Uganda baadaye. Kupokeana huko ni mchezo wa kuigiza ulio tayari. Patel hakuutafuta.

Dalili njema zipo. Juba ilianzisha tamasha lake la filamu mwaka 2016, mwaka mgumu kuliko yote. Mwaka 2022 Akuol de Mabior alipeleka Berlin No Simple Way Home, filamu inayomfuata mama yake, Rebecca Nyandeng, mjane wa John Garang, anaporudi kwenye siasa za Juba. Kamera iko nyumbani, si kwenye gwaride, na binti anamuuliza mama maswali ambayo mwandishi wa habari asingethubutu. Hiyo ndiyo njia.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa watafsiri wetu wa vibandani, wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam: mna sauti, mna wateja, na mna ujuzi ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Chukueni Wezi wa Baiskeli na Casablanca, mzipe Kiswahili chenu, mziweke katikati ya Rambo wawili. Mteja hatatoka.

La pili ni kwa watengenezaji wa filamu. Acheni kusubiri mtu wa nje aje kugundua vita vyetu. Majina ya waliozama na Khedive Ismail yameandikwa kwenye kumbukumbu za kijeshi, na familia zao ziko hai Kenya, Uganda na Tanzania. Meli ilitoka Mombasa. Anzeni hapo, na safari hii kamera iwe majini, upande wa wanaopunga mikono.